Picha ya jani kwa manjano, jua na magadi

Kazi ya jua hapa ni kufuta. Manjano, yaani binzari, yaliyopakwa kwenye karatasi hupauka palipopigwa na mwanga, na pale jani lilipofunika hubaki na rangi yake. John Herschel, mwanasayansi Mwingereza, alichapisha majaribio yake ya kutengeneza picha za namna hii kwa juisi za maua mwaka 1842, lakini hakupata dawa ya kuzizuia picha hizo zisiendelee kufifia. Anza kazi ukilijua hilo.

Hatua ya 1: rangi. Tia kijiko 1 cha chakula cha manjano ya unga kwenye mililita 60 za spiriti ya kusafishia vidonda. Funika, tikisa, acha dakika 15, kisha chuja kwa kitambaa mara mbili. Maji hayafai: rangi ya manjano haiyeyuki vizuri ndani yake, unabaki na unga unaopukutika karatasi ikikauka. Kaa mbali na jiko, spiriti hushika moto upesi.

Hatua ya 2: karatasi. Tumia manila nyeupe isiyong'aa. Kwenye chumba chenye giza, paka kwa brashi pana, acha ikauke, paka tena kwa kukatiza. Usirudie sehemu iliyoanza kukauka. Michirizi mingi hutokana na hilo.

Hatua ya 3: jani. La mwarobaini linapendeza sana kwa meno yake. Likandamize ndani ya kitabu siku nzima kwanza, kwa sababu jani bichi hutoa jasho chini ya kioo na kuacha madoa. Panga ubao, karatasi, jani, kioo, kisha bana pande zote kwa vibanio vya nguo. Jani likiinuka hata kidogo, mwanga hupenya chini yake na ukingo hauonekani sawasawa.

Hatua ya 4: jua. Toa nje kuanzia saa nne asubuhi. Jua kali huhitaji muda wa saa mbili hadi nne. Kukiwa na mawingu, zaidi. Usitegemee saa peke yake: funika pembe ya karatasi kwa kadi nene juu ya kioo, uiinue mara kwa mara ulinganishe. Tofauti ikiwa hafifu, ngoja.

Hatua ya 5: magadi. Koroga kijiko 1 cha chai kwenye nusu lita ya maji, acha mchanga utuame, chuja. Zamisha karatasi sekunde chache tu. Umbo la jani hugeuka papo hapo, kutoka manjano hadi wekundu unaokaribia damu ya mzee. Ukidondosha limau, pale lilipoangukia hurudi kuwa manjano. Unaweza kuchorea hivyo kwa kijiti. Usiloweke: magadi yenyewe huivunja rangi. Anika kivulini.

Ndani ya bahasha nene picha hukaa muda mrefu zaidi. Ukitaka kuonyesha inavyoondoka, itundike karibu na dirisha, ufunike nusu yake kwa kadi, kisha uipige picha kila Ijumaa, saa ileile, kutoka mahali palepale.