Somo: Kudhibiti Ubora wa Kamba za Katani kwa Vihisi, Chati na Kamera

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wenye viwanda vidogo na vya kati vya kusokota katani mkoani Tanga, ingawa mwenye kiwanda cha sabuni au cha maziwa naye atakuta mengi ya kuchukua. Tutatumia mfano mmoja: kamba ya kufungia marobota ya majani makavu ya mifugo, ambayo mnunuzi huiagiza kwa kipimo cha mita 150 kwa kila kilo. Ikiwa nyembamba kupita kiasi, hukatika ndani ya mashine ya mkulima. Ikiwa nene kupita kiasi, ama mnunuzi anapata mita pungufu kwa fedha yake, ama kiwanda kinatoa katani ya bure, kutegemea kama bei ni ya kilo au ya mita.

Wauza mitambo hupenda kuanza na kamera, kwa sababu kamera inapendeza machoni. Mimi naanza na mizani, na sababu yake itaonekana kadiri tunavyoendelea.

Hatua ya kwanza: chagua kasoro moja

Fungua daftari la malalamiko ya wateja na la roli za kamba zilizorudishwa, kisha uchague kasoro moja inayokula fedha nyingi zaidi. Anayetaka kupima unene, vinundu, viungo, rangi na unyevu kwa wakati mmoja hatimaye hupima vyote vibaya. Hapa tumechagua unene.

Hatua ya pili: jaribu kipimo chenyewe

Kata vipande 10 vya kamba, kila kimoja mita 30. Kwa kipimo cha mita 150 kwa kilo, kipande kama hicho kinapaswa kuwa na gramu 200. Wape wafanyakazi watatu wakipime kila kipande mara mbili, bila kuona majibu ya wenzao wala majibu yao ya awali. Ikiwa kipande kilekile kinatoa majibu yanayotofautiana karibu sawa na vipande vinavyotofautiana vyenyewe kwa vyenyewe, basi huna kipimo, na kihisi (kifaa cha kielektroniki kinachopima chenyewe) chochote utakachokinunua kitakuletea makosa hayohayo kwa kasi kubwa zaidi.

Hata mizani ikifaulu, mara nyingi tatizo liko kwenye ukataji, ambao jaribio hilo peke yake haliuonyeshi. Mfanyakazi mmoja huivuta kamba ikakaza kabla ya kukata, mwingine huiacha ilegee, nao wote wawili wanaamini wamekata mita 30. Dawa yake ni rahisi: ncha moja ifungwe kwenye ndoano, ncha ya pili ipitishwe juu ya kapi na kuning'inizwa uzito uleule kila mara, ndipo kamba ikatwe penye alama. Mizani ya biashara ni lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, lakini muhuri wa uhakiki haukuondolei wajibu wa kuweka jiwe la mizani linalojulikana uzito wake kila asubuhi na kuandika jibu.

Hatua ya tatu: tenganisha katani na maji

Hapa ndipo wengi wa mwambao wanapoanguka, na nitakaa hapa kidogo. Katani hufyonza unyevu wa hewa na kuuachia, kwa hiyo kamba ileile haina uzito mmoja siku ya jua kali na siku ya mvua za masika. Chukua kipande chetu cha gramu 200 chenye unyevu wa asilimia 10. Ndani yake mna gramu 180 za singa (nyuzi za katani) kavu na gramu 20 za maji. Unyevu ukipanda hadi asilimia 14, singa hubaki gramu 180 zilezile, lakini kipande kizima sasa kina gramu 209.3, na hesabu ya mita kwa kilo imeshuka kutoka 150 hadi takriban 143. Kwa mtazamaji wa namba, kamba imenenepa. Kwa kweli hakuna singa hata moja iliyoongezwa. Msimamizi asiyelijua hilo ataamuru mashine ipunguze singa, na hali ya hewa itakapokauka atakuwa anatoa kamba nyembamba inayokatika.

Kwa hiyo kila uzito usahihishwe uwe kwenye unyevu mmoja mliokubaliana na mnunuzi. Ili kujua unyevu wa kweli, chukua sampuli, ipime, ikaushe kwenye tanuri la nyuzi 105 za Selsiasi mpaka uzito wake usipungue tena, kisha uipime upya. Gramu 100 zikibaki 88, unyevu ulikuwa asilimia 12. Njia hiyo ni ya polepole na haifai kutumika kila saa, ila ndiyo hakimu: kipima unyevu cha mkononi chenye pini mbili, ambacho ni cha haraka, kirekebishwe kwa kulinganishwa na tanuri, na kwa katani yenyewe, kwa sababu vingi vya vifaa hivyo hutengenezwa kwa kupimia mbao.

Hatua ya nne: funga vihisi

Kwenye mashine ya kuviringisha kamba tunahitaji kujua mambo mawili tu, mita ngapi zimepita na roli ina kilo ngapi. Mita hupatikana kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu ambalo kamba inapita juu yake: gurudumu lenye mzingo wa nusu mita likizunguka mara 60, mita 30 zimepita. Usitumie kihisi cha mwanga kuhesabu mizunguko hiyo. Vumbi la katani hukiziba jicho, nacho huanza kuruka hesabu pasipo kutoa ishara yoyote. Tumia kihisi kinachotambua chuma kilicho karibu bila kukigusa, ukifunge mbele ya bolti iliyo ubavuni mwa gurudumu. Vumbi hakilijali.

Uzito husomwa na kihisi cha uzito kilichowekwa chini ya roli, na ishara yake dhaifu hukuzwa na kusomwa na kisahani kidogo kama HX711, kisha hupelekwa kwenye kompyuta ndogo ya aina ya ESP32 yenye Wi-Fi ndani yake. Vifaa hivi ni vya kawaida, na fundi wa elektroniki anayejua kazi yake ataviunganisha. Mwombe mambo mawili: kumbukumbu ziandikwe kwanza kwenye kadi iliyo palepale kwenye mashine, ndipo zitumwe mtandaoni, na kifaa kiwe ndani ya kisanduku kilichofungwa vizuri, kwa kuwa hewa ya chumvi hula miguu ya vifaa hivyo.

Hatua ya tano: chora chati

Chati ya udhibiti, yaani mchoro wa nukta za vipimo vya kila saa pamoja na mistari ya mipaka yake, ilichorwa kwa mara ya kwanza mwezi Mei 1924 na Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi Western Electric huko Marekani, na mpaka leo programu nyingi za bei kubwa zinauza hesabu yake ileile. Kila saa chukua vipande vitano vinavyofuatana. Andika wastani wake, na upana wake, yaani kizito zaidi ukitoa chepesi zaidi. Ukishapata mafungu 20 hadi 25 ya vipande vitano vitano, tafuta wastani wa wastani zote na wastani wa upana wote.

Tuseme umepata gramu 200.4 na upana wa gramu 6.0. Kwa mafungu ya vipande vitano, upana huzidishwa kwa namba maalumu ya chati hizi, 0.577, na hapo tunapata takriban gramu 3.5. Basi mipaka ya wastani ni gramu 196.9 na 203.9. Mpaka wa juu wa upana ni 6.0 mara namba nyingine maalumu, 2.114, yaani gramu 12.7. Nukta iliyo ndani ya mipaka, hata ikiwa gramu 198, isiguswe: mashine inahema kawaida yake, na kila anayeirekebisha kwa nukta kama hiyo huongeza tofauti badala ya kuipunguza. Nukta iliyotoka nje inasema kuna kitu kimebadilika. Angalia pia kwamba mipaka hii haikutoka kwa mnunuzi bali kwenye mashine yenyewe. Mnunuzi ana mipaka yake, na zote mbili zisichanganywe kwenye chati moja.

Hatua ya sita: amua nani afanye nini

Mwaka huohuo wa 1924 Wajapani akina Toyoda walikamilisha mtambo wa kufumia nguo uliosimama wenyewe uzi ulipokatika, hivyo haukuendelea kufuma nguo mbovu. Wazo hilo ndilo kiini cha somo letu. Taa nyekundu inayowaka nukta ikitoka nje ya mipaka, bila mtu kuwajibika kuijibu, baada ya muda huwa pambo. Andika kwenye karatasi iliyobandikwa mashineni: taa ikiwaka, mwendesha mashine asimamishe, atenge roli zote zilizotoka tangu nukta nzuri ya mwisho, aangalie ulishaji wa singa, kisha amwite msimamizi. Mwendesha mashine awe na ruhusa ya kusimamisha bila kuomba.

Hatua ya saba: kamera, ikiwa bado unaihitaji

Kamera inafaa kwa vinundu na viungo vibaya. Anza na mwanga: sanduku lililofunikwa, taa zisizobadilika, ukuta wa nyuma mweusi. Kisha kusanya picha za kamba nzuri na mbovu, zikiainishwa na wakaguzi wenu wazoefu. Kabla ya kulipa, fanya hesabu hii. Katika roli 1,000, tuseme 20 ni mbovu. Kamera inayotambua asilimia 95 ya mbovu itakamata 19. Ikiwa inazisingizia asilimia 5 ya nzuri, itazikataa pia 49. Utakuwa na roli 68 zilizokataliwa, na zilizo mbovu kweli ni 19 tu. Kwa hiyo mkaguzi haondoki, bali anahamia kwenye meza ya roli zilizokataliwa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Korogwe:* Shikamoo mwalimu. Umeme kwetu hukatika mara kwa mara. Je, kumbukumbu hazitapotea?

Marahaba. Ndiyo maana nimesema ziandikwe kwanza kwenye kadi. Kompyuta hizi ndogo hutumia umeme kidogo sana, kwa hiyo betri ya kawaida yenye chaji yake inatosha kuzishikilia. Jambo la kuangalia zaidi ni roli iliyokuwa mashineni umeme ulipokatika: itengwe na ipimwe upya, kwa sababu mashine inaposimama ghafla na kuanza tena, unene wa kamba hubadilika katika kipande hicho.

*Mwanachama wa Muheza:* Sisi tunakamua juisi ya machungwa. Chati hii inatufaa?

Inafaa kwa ujazo wa chupa, bila kubadilisha chochote. Kwa utamu, tumieni refraktomita inayosoma kiwango cha sukari, na mkumbuke kuisawazisha kwa maji safi kabla ya kazi. Ila machungwa ya mwanzo wa msimu si sawa na ya mwisho, basi chati ya utamu ihesabiwe mipaka upya msimu unapobadilika.

*Mwanachama wa Pangani:* Tukiwa na kumbukumbu hizi, bado tunahitaji alama ya TBS?

Ndugu yangu, kumbukumbu si kibali. Pale sheria inapoitaka alama ya Shirika la Viwango, inabaki kutakiwa. Faida ya kumbukumbu ni kwamba mkaguzi akifika utamwonyesha namba za kila siku badala ya maelezo ya mdomo.

*Mwanachama wa Tanga mjini:* Wafanyakazi wangu wanasema vihisi vimewekwa ili kuwapeleleza. Mmoja alikifunika kimoja kwa kitambaa.

Kaka, kabla ya kumwadhibu, jiulize namba zile zimekwisha kutumika kwa nini. Kama nukta ya kwanza iliyotoka nje ilimkata mtu mshahara, atafunika na cha pili. Chati iwekwe mashineni, mwendesha mashine mwenyewe ndiye aisome na kuandika sababu kwa mkono wake, na kwa miezi ya mwanzo namba zisihusishwe kabisa na malipo. Kitambaa kiondoe mwenyewe, kwa utaratibu, ukimwomba akueleze roli za siku ile zilikuwaje.