Kufundisha kwa kishikwambi na sauti katika darasa la watoto wa lugha na desturi mbalimbali: mwongozo kwa walimu wa Tanga

Darasa la kawaida la shule ya msingi katika Jiji la Tanga au wilaya za jirani lina watoto wa Kidigo, Kisegeju, Kibondei, Kisambaa na Kizigua, na pamoja nao vitukuu vya watu waliotoka Songea, Kigoma na Msumbiji kuja kukata mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta nchini mwaka 1893. Wote hufundishwa kwa Kiswahili, lakini Kiswahili wanachokuja nacho hakilingani, na yale wanayoyajua kutoka nyumbani hayalingani pia. Kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ya teknolojia katika darasa kama hilo ni kuyaingiza maarifa ya nyumbani ndani ya somo. Video na mazoezi yaliyotengenezwa mbali yana nafasi yake, ila yaje baadaye. Kifaa kinachofaa zaidi kwa kazi hiyo ni kinasa sauti kilichomo ndani ya kishikwambi au simu ya mwalimu, ambacho hakihitaji bando wala mtandao.

Anza kwa kujua lugha zinazozungumzwa majumbani. Usimsimamishe mtoto mbele ya wenzake na kumuuliza kabila lake; hata sensa zetu hazijauliza swali hilo tangu ile ya mwaka 1967, na mtoto mgeni huweza kulichukulia kama njia ya kumtenga. Muulize faraghani, kwa upole, bibi yake humsimulia hadithi kwa lugha gani, na nani nyumbani anajua kazi fulani vizuri: kuvua, kulima, kufuga au kusuka. Majibu yaandike katika daftari lako mwenyewe, kwa sababu ndiyo yatakayokuonyesha ni nani wa kumrekodi na kwa somo lipi.

Kisha andaa kifaa. Kijaze chaji usiku, kiweke katika hali ya ndegeni ili betri idumu na simu zisikatize kazi, na ujaribu spika darasani kabla ya kipindi, kwa kuwa sauti inayosikika vizuri ofisini hupotea kabisa mbele ya watoto themanini. Spika ndogo ya kuchomeka au ya Bluetooth inatosha. Unaporekodi, shika kifaa umbali wa shubiri moja au mbili kutoka mdomoni mwa msemaji, mahali penye mkeka, mapazia au kivuli cha mti, na uepuke chumba kitupu chenye mwangwi au paa la bati wakati wa mvua. Rekodi sauti tu pale ambapo picha haihitajiki: dakika moja ya maneno iliyobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni kilobaiti 240 hivi, ilhali dakika moja ya video hula makumi ya megabaiti na kujaza kadi ya kumbukumbu kabla muhula haujafika katikati.

Chukua mfano wa mada ya majira ya mwaka katika Jiografia na Mazingira. Kitabu kitawaeleza watoto kwamba vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Hayo ni kweli, lakini mtoto wa mvuvi wa Kigombe anayajua majira kwa upepo: kusi inapovuma, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na ngalawa haziendi mbali, na kaskazi inapoingia, kazi hubadilika. Mtoto ambaye babu yake analima milimani Lushoto anayajua kwa maharage, kwa mahindi na kwa makinga maji yanayopaswa kutengenezwa kabla maji hayajaporomosha udongo. Wiki moja kabla ya kipindi, wape watoto wanne au watano swali moja la kumpelekea mzee wa nyumbani: kabla mvua haijaanza, wewe hutazama nini? Mzee ajibu kwa lugha yake, kwa muda usiozidi dakika mbili, kwenye simu ya mzazi au kwa wewe kumtembelea na kifaa chako. Babu aliye mbali anaweza kutuma ujumbe wa sauti. Halafu mtoto mwenyewe arekodi maelezo ya Kiswahili ya kile mzee alichosema.

Rekodi hizi mbili zina kazi tofauti, na ni muhimu zote mbili zisikike darasani. Cheza kwanza ile ya mzee, hata kama wengi hawaielewi, ili wanafunzi waisikie lugha ya mwenzao ikibeba elimu mbele ya mwalimu. Kisha cheza ya mtoto, usimamishe kila baada ya sentensi chache, na uwaache wengine wajaze ubaoni jedwali lenye miezi kumi na miwili. Mtoto ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono sasa ndiye anayeulizwa maswali, na Kiswahili chake kinakua kwa sababu ana jambo la kueleza ambalo wenzake hawalijui. Pale jedwali linapopishana na kitabu, usikimbilie kusema mzee amekosea. Wasomee utabiri wa msimu unaotolewa kwa Kiswahili na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na uwaulize kwa nini mvua za milimani na za pwani zaweza kuachana. Hapo ndipo somo lilipo, na ningependa mwalimu alitengee kipindi kizima bila haraka.

Katika kazi za vikundi, tazama mikono. Kishikwambi kimoja kikiwekwa mbele ya watoto sita, baada ya muda mfupi kitakuwa kwa yule ambaye kwao kuna simu janja, naye aliyehamia kutoka kambi ya mkonge au boma la wafugaji atabaki kuchungulia begani. Kuwachanganya watoto hakutoshi; gawa majukumu na uyazungushe: mmoja anashika kifaa, mmoja anauliza, mmoja anaandika, mmoja anasimulia, na kila baada ya dakika kumi mnapiga kofi na kubadilishana. Aliyezoea kifaa aruhusiwe kueleza kwa mdomo, asiguse mpaka zamu yake ifike. Kanuni hii ni ndogo, lakini bila hiyo teknolojia huongeza pengo lililokuwapo tangu mwanzo.

Maudhui ya nje yakihitajika, programu ya bure ya Kolibri hufanya kazi bila intaneti. Unaipakia katika kompyuta mpakato, unapakua masomo mara moja ukiwa mahali penye mtandao, kisha vifaa vya darasani huunganishwa na kompyuta hiyo kupitia rauta ya kawaida. Vitabu vya kiada vinapatikana katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika zimo katika tovuti ya African Storybook. Yapitie yote kabla ya kuyaonyesha: zoezi la hesabu linalozungumzia theluji na dola libadilishe liwe la mafungu ya dagaa au vikapu vya machungwa ya Muheza, namba zibaki zilezile. Kwa lugha za nyumbani, usitegemee programu za kutafsiri. Tafsiri yoyote mpe mzazi aisikilize kwanza.

Wazazi washirikishwe kwa sauti pia, kwa kuwa kundi la WhatsApp huwaacha nje wenye simu za kitochi na wasiosoma kwa urahisi. Hao wapigie au waite shuleni. Kabla ya kurekodi, eleza rekodi itatumika wapi na nani ataisikia, na upate ridhaa ya mzee na, kwa sauti ya mtoto, ya mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu sauti na picha hizi pia. Mambo ya unyago, jando na uganga yasirekodiwe kwa ajili ya darasa hata mwenyewe akikubali, na picha za watoto wakiwa katika mavazi ya kimila zisisambazwe mitandaoni.

Mwisho wa kila wiki nakili mafaili katika flashi inayokaa ofisini kwa mwalimu mkuu, ukiyapa majina yanayoeleweka, yaani somo, mada, lugha na mwaka, bila jina la mtoto. Mwalimu atakayepokea darasa hilo mwakani atazikuta rekodi tayari, na familia yoyote itakayotaka yake ifutwe, ifutiwe siku hiyohiyo.