Kuchagua Diski na Pedi za Breki kwa Gari la Kasi, Hatua kwa Hatua

Ukiingia maduka ya spea Kariakoo kuulizia breki za gari la kasi, utaonyeshwa kwanza diski zenye matundu, zile zinazopendeza nyuma ya rimu. Ziache kwanza. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo hubebwa na pedi (vipande vinavyoibana diski), mafuta ya breki na unene wa diski. Mifano hapa ni ya Subaru Impreza, ila utaratibu ni uleule kwa Toyota Altezza au Mark X.

Hatua ya 1: Soma dalili

Ukikanyaga kwa nguvu na ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga) ikaanza kutetemesha kanyagio, breki tayari zinaishinda tairi. Diski kubwa haitafupisha umbali wa kusimama. Nunua tairi nzuri. Kanyagio likiwa gumu lakini gari linateleza tu mbele baada ya kufunga breki mara kadhaa, pedi zimezidiwa na joto. Likizama kama sponji, mafuta yamechemka.

Hatua ya 2: Mafuta kabla ya chuma

Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na hewa ya Dar unyevu haijawahi kuukosa. DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta haya, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Usiichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haipatani na mafuta haya. Badilisha kila mwaka, hasa kama huwa unashuka mteremko mkali wa Kitonga, na usikubali chupa ambayo lakiri yake imeshavunjwa.

Hatua ya 3: Pedi

Hapa ndipo pesa yako iende. Pedi nyingi zina herufi mbili mwishoni mwa namba zilizochapwa ukingoni. Ya kwanza ni mshiko ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto sana. Kwa kipimo cha msuguano, E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE inapoteza mshiko inapopata moto, na hiyo haifai kwa gari la kasi. Tafuta FF au GG. Herufi hizi hazikuambii pedi itadumu muda gani, wala kama ni feki.

Pedi za mashindano usizifunge kwenye gari la kila siku. Zinahitaji moto ndipo zishike, na kwenye foleni ya Mwenge hazitaupata: zitapiga kelele, zitakula diski, na breki ya kwanza ya asubuhi itakushtua.

Hatua ya 4: Diski

Pima ya zamani kwa maikromita sehemu nane kuzunguka. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umechapwa kwenye diski yenyewe, pembeni ya maneno MIN TH. Ukitaka kuhamia breki za Brembo za STI, yaani Impreza ya kasi zaidi, diski za mbele ni milimita 326 na zinataka rimu za inchi 17. Angalia pia matundu ya nati: STI za kabla ya 2005 ni 5x100 (matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100), za 2005 kuendelea ni 5x114.3. Haziingiliani, na muuzaji mwenye haraka hatakukumbusha.

Kwa barabarani, diski isiyotobolewa inatosha. Yenye mifereji husafisha uso wa pedi lakini huimaliza mapema. Yenye matundu hupasuka kuanzia kwenye tundu ikichomwa mara kwa mara. Kama mapezi ya kupitisha hewa ndani ya diski yametengenezwa kwa mkunjo, diski ya kushoto si ya kulia.

Hatua ya 5: Kufunga

Diski nyingi zinazosemwa "zimepinda" hazijapinda. Habu, sehemu diski inapokalia, ilikuwa na kutu, na hewa ya baharini inaleta kutu haraka. Isugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, funga diski kwa nati zote, kisha pima mchezo wake, yaani kuyumba kwake inapozungushwa, kwa geji ya saa: ukizidi milimita 0.05, geuza diski tundu moja na upime tena. Ukiruka hapa, usukani utaanza kutetemeka baada ya kilomita elfu chache.

Futa mafuta ya kiwandani kwenye diski kwa dawa ya kusafishia breki. Pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi, zipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Kalipa isining'inie kwenye paipu yake, ifunge kwa waya. Nati za tairi zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa mpangilio wa nyota.

Hatua ya 6: Kuzoesha

Kabla ya kuondoka, kanyaga breki mpaka kanyagio liwe gumu. Kisha, alfajiri kwenye barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa, mara kumi, bila kusimama kabisa. Halafu endesha dakika kumi bila kugusa breki. Ukisimama na mguu ukiwa umekandamiza wakati diski zina moto, pedi itaacha alama yake pale ilipobana, na mtetemo huo hautoki kwa kuosha.