Somo: Kuipeleka milingi (mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka) ya mkono kwenye kompyuta, mhimili mmoja mmoja

Wakuu, wengi tunaanza kwa kununua mota na draiva, yaani kifaa cha kuziendesha. Zangu zilikaa kwenye boksi miezi kadhaa, maana ugonjwa wa mashine yangu ulikuwa pleyi, ule ulegevu wa skrubu inayosogeza meza.

Hatua ya 1. Bandika saa ya kupimia kwenye meza, zungusha mkono wa X (mhimili wa kushoto na kulia) mbele, kisha rudisha taratibu. Umezungusha kiasi gani kabla mshale haujasogea? Yangu ilikula milimita 0.4. Fundi huihisi pleyi kwa kiganja akaifidia. Kompyuta haihisi kitu, na duara hutoka na vibega.

Hatua ya 2. Safisha njia za meza, zikaze, kisha weka skrubu ya gololi (nati yake hutembea juu ya gololi, haina ulegevu) kwenye X peke yake. Y (mbele na nyuma) na Z (juu na chini) ziache, karakana iendelee kuingiza hela.

Hatua ya 3. Funga stepa mota, ile inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, kwa puli na mkanda wa meno. Puli zikilingana: hatua 200 kwa mzunguko, draiva ikizigawa mara 8, ni 1600. Skrubu ikisogea milimita 5 kwa mzunguko, jaza kwenye programu hatua 320 kwa milimita. Kipini cha mkono king'oe. Kikizunguka kwa kasi kinavunja vidole.

Hatua ya 4. Kitufe chekundu kikate umeme wenyewe, kisitegemee programu. Programu ikiganda haisikii kitufe.

Hatua ya 5. Rudia kwa Y, halafu Z. Programu ya kuendesha mashine natumia LinuxCNC, ni ya bure.

MASWALI

— Mkuu, nikiacha skrubu ya zamani, programu si itafidia pleyi?

Kwa kutoboa mashimo, sawa. Ila kisu kikizunguka upande wa kuivuta meza, meza inaruka ile 0.4 yote na kisu kinakatika. Programu haina mkono wa kuishika.

— Nimeweka gololi kwenye Z, nikizima umeme kichwa kinashuka chenyewe. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Skrubu ya zamani ilijishikilia kwa msuguano, ya gololi inateleza pande zote. Weka uzani wa kusawazisha au mota yenye breki. Kwa sasa, tia gogo chini ya kichwa kabla hujazima.

— Na umeme ukikatika katikati ya kazi?

Stepa za kawaida hazijui zilipo. Umeme ukirudi, inua kisu kwanza, peleka kila mhimili kwenye swichi yake ya mwanzo, ndipo uendelee.