Kabla mtoto anayesema kwa picha hajaingia darasani kwako

Mwaka wa masomo hapa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huanza Septemba, na kila Septemba kuna mwalimu anayeletewa mtoto mlangoni huku mama akimwambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huyu haongei, lakini anasikia kila kitu." Mwalimu ana watoto hamsini au zaidi mbele yake na chaki mkononi, na hajui aanzie wapi. Mimi nimekuwa mwalimu huyo. Nilimpokea mtoto kwa moyo wote, nikamketisha mbele, halafu ubao wake wa picha, anaougusa ili kusema, ambao mama yake aliuchora mwenyewe na kuufunika plastiki, nikaufungia kabatini usije ukachafuka. Nilikuwa nautoa nusu saa kwa siku, kisha naurudisha. Ulipita muhula mzima ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa namfungia mtoto mdomo wake kabatini.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa mtu aniambie mwezi wa nane, kukiwa bado na muda.

Anza na nyumbani. Mtafute mama, papa au bibi anayeshinda na mtoto, ukae naye saa nzima. Usianze kuuliza ugonjwa. Uliza hivi: akiwa na kiu anafanyaje? Akiumwa? Akitaka kwenda chooni? Akimkataa mtu? Mama mmoja aliniambia mwanawe akiminya midomo na kutazama mlango, anataka kutoka; akiminya midomo na kutazama chini, amechoka. Mimi peke yangu ningekaa mwaka nisizione hizo kuwa alama mbili. Ziandike kwenye karatasi moja, ibandike ukutani karibu na meza yako, ili hata mwalimu wa zamu azisome. Uliza pia kama mtoto alishapimwa macho na masikio. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa haoni vizuri upande mmoja, na picha zote ukaziweka upande huo huo.

Kisha ndiyo na hapana. Hapa kuna jambo la lugha yetu ambalo maelekezo yaliyoandikwa ng'ambo hayaligusi. Ukimuuliza mtu kwa Kiswahili "Hujala?" akakujibu "Ndiyo", amekubali maneno yako: ndiyo, sijala. Ukimuuliza swali hilo hilo kwa Kifaransa, anayesema hajala atajibu "non". Mtoto wa Goma anaishi na lugha zote mbili, nyumbani hii, darasani ile, na mwalimu anaruka kutoka moja hadi nyingine bila kujiona. Mtoto anayeongea ataongeza neno, mambo yatanyooka. Asiye na kitu kingine ila kuinua macho kwa ndiyo na kuyafumba kwa hapana, amenaswa. Nimeshuhudia mtoto akinyimwa uji kwa sababu aliulizwa "Hutaki?" akainua macho. Jizoeze kabla ya Septemba kuacha maswali ya namna hiyo. Uliza "Unataka uji?" au, vizuri zaidi, nyoosha mkono wa kulia na wa kushoto: "Umekula, au bado?" Naye achague mkono kwa macho.

Wala usiridhike na ndiyo na hapana. Mwenye hizo mbili tu anaweza kujibu, ila hawezi kuuliza, kuchokoza mwenzake, wala kusema kwamba hadithi hii haimpendezi. Ndiyo maana anahitaji ubao.

Picha si lazima kununua. Serikali ya Aragon, huko Uhispania, inagharamia mkusanyo uitwao ARASAAC, wenye maelfu ya picha za bure zilizoandikwa majina kwa lugha nyingi, Kifaransa kikiwamo. Masharti yake ni kutaja chanzo, kutofanya nazo biashara, na ukizibadilisha kuzitoa kwa masharti hayo hayo. Zipakue siku yenye intaneti nzuri, zichapishwe kwa kijana wa fotokopi, umwombe azifunike plastiki. Ila zipitie moja moja kwanza. Utakuta mkate wa vipande na theluji, na usikute sombe (majani ya muhogo), sambaza (samaki wadogo wa ziwani), bidoni ya njano ya maji, chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) wala kitenge cha kubebea mtoto mgongoni. Hivyo vipige picha mwenyewe kwa simu, au mpe mwanafunzi anayejua kuchora. Mtoto anayetumwa maji kila siku na wenzake anataka kusimulia habari za bidoni.

Lakini majina ya vitu yasijaze ubao. Hilo ndilo kosa la ubao wa kwanza wa karibu kila mtu, hata wangu: chakula, wanyama, nguo, na hakuna zaidi. Jisikilize unavyoongea kwa siku moja. Maneno yanayorudi kila dakika ni machache: mimi, wewe, taka, enda, pa, ona, saidia, acha, tena, bado, basi, hapa, kile, nini, nani, wapi. Kwa hayo mtoto anaweza kusema kitu popote, kanisani, sokoni, hata uwanjani. "Bado" peke yake ina thamani ya ukurasa mzima: inakataa bila kufunga mlango, inaomba muda, inamzuia mwalimu asifute ubao mweusi wakati mtoto hajamaliza kusoma.

Kuna ugumu wa Kiswahili chenyewe. "Hatutamwambia" ni neno moja, na ndani yake mna sisi, wakati ujao, yeye na kukataa. Hakuna ubao utakaobeba kiboksi cha kila umbo kama hilo. Weka watu (mimi, wewe, yeye, sisi), weka vitenzi vikavu, weka jana, sasa na kesho, weka hapana. Mtoto atagusa YEYE, CHUKUA, KALAMU. Kazi yako si kumrudisha aseme sawasawa. Mpokee na umjengee: "Eh, amechukua kalamu yako?" Hivyo ndivyo mtoto mwingine yeyote anavyojifunza kuongea kwa kumsikia mama yake. Kiswahili kiandikwe juu ya picha, Kifaransa chini, ubao uwe mmoja. Na picha ikishapewa mahali pake isihamishwe, hata ubao ukiongezwa maneno, kwa sababu mkono hukariri njia kabla ya jicho.

Linalofuata linataka mazoezi zaidi ya yote, na mazoezi ni yako wewe mwalimu. Mtoto anayeongea husikia lugha miezi mingi kabla ya kutamka neno la kwanza. Mtoto wa ubao anategemewa kuzungumza lugha ambayo hajawahi kuona mtu akiitumia! Kwa hiyo uongee nayo wewe kwanza. Unaposema "Tunaenda nje sasa", kidole chako kiguse SISI, ENDA, SASA. Usimwamuru aige, usimshike mkono kumburuza kwenye picha. Fanya hivyo wiki kwa wiki hata kama haonyeshi dalili. Ukimuuliza kitu, hesabu kimoyomoyo hadi kumi, polepole, uso wako umeelekea kwake. Sekunde kumi ni ndefu mno mbele ya darasa lenye kelele. Nilizizoea nyumbani, nikihesabu kila mara kabla ya kumjibu mume wangu, mpaka zikanikaa mwilini.

Wazazi watakuuliza, na wenzako pia: picha hazitamfanya awe mvivu wa kuongea? Hofu hiyo inatoka kwenye mapenzi, ipe jibu la kweli. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Millar, Light na Schlosser, walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizokuwapo. Katika watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa thabiti zaidi, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi baada ya kupewa njia hizi. Wengi wao waliongeza, ingawa si kwa kiasi kikubwa. Wala hakuna mtihani ambao mtoto lazima aushinde ndipo astahili ubao. Usimwambie mama asubiri hadi atulie, au hadi ajue rangi.

Kama familia ina simu au tableti yenye programu ya kusemea, ambayo hutamka neno mtoto akigusa picha, vizuri. Maneno unaweza kuyarekodi, na arekodi mtoto wa rika lake, binti kwa binti, mvulana kwa mvulana, kwa Kiswahili cha mtaani kwao, asije mtoto wa Katindo, mtaa wa hapa Goma, akasema kama mtangazaji wa Paris. Jua mapema ni wapi itachajiwa umeme ukikatika, na ifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua na vumbi jeusi la mawe ya volkano. Hata hivyo ubao wa karatasi usikosekane kamwe. Na kifaa kisinyang'anywe kama adhabu, hata siku mtoto amegusa "wewe mbaya" mara kumi mfululizo mbele ya mgeni.

Wenzake darasani waambie siku hiyo hiyo ya kwanza, kwa maneno mawili: huu ndio mdomo wake, tunaugusa akituruhusu. Wataujua kabla yako. Kiti kiwe na mahali pa kukanyaga. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hutumia nguvu zote kujishikilia na hazibaki za kunyoosha kidole.

Mkurugenzi wa shule akisita, nenda kwake na karatasi, si na machozi. Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na mkataba huo unayataja mawasiliano ya namna hii kwa jina lake. Tangu tarehe 3 Mei 2022 tuna pia sheria yetu wenyewe, namba 22/003, ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu.

Limebaki jambo ambalo mwalimu wa mji mwingine huenda asiliwaze. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni, na siku tano baadaye tuliamriwa kuhama mitaa kumi. Watu walielekea Sake kwa miguu, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, wengine wakapanda mashua za Bukavu. Watoto wengi walipoteana na wazazi wao katika msongamano ule. Anayeweza kutaja jina la papa yake alikuwa na pa kuanzia. Kwa hiyo, kabla ya Septemba, tengeneza nakala tatu. Moja ni ya darasani, kubwa. Ya pili ni ndogo kama kiganja, ya kuvaa shingoni. Nyuma yake pawe na namba za simu mbili na namna mtoto anavyosema ndiyo na hapana, na mbele, pamoja na maneno ya kila siku, pawe na NAUMWA, NIMEPOTEA, NAOGOPA, MAMA YUKO WAPI. Ya tatu mpe mama, aiweke kwenye mfuko ule wa karibu na mlango, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo.