Jinsi ya kuandaa wasifu wa seneta kwa redio: mfano wa Mary Robinson

Kipindi chetu cha wasifu hapa Kigoma ni cha dakika 15, na watayarishaji wapya huniuliza mtu aliyefanya kazi nusu karne atatoshaje humo. Nawaelekeza kwa Mary Robinson wa Ireland, mtu ninayemheshimu sana.

Usianze na urais. Ndiyo, mwaka 1990 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa nchi hiyo, lakini ukianzia hapo, miaka yake 20 ya useneta (1969–1989) itapita kama utangulizi tu, na kazi kubwa aliifanya humo.

Kisha eleza kiti chenyewe, maana msikilizaji wetu amezoea mbunge wa jimbo. Baraza la Seneti la Ireland lina watu 60. Wakati wake, 6 walichaguliwa na wahitimu wa vyuo vikuu, na yeye alipita kwa kura za wahitimu wa Trinity College, Dublin, akiwa na miaka 25. Hakuhitaji chama kumpitisha. Bila kulisema hilo, hakuna atakayeelewa alipata wapi ujasiri wa kuleta mambo ambayo wanasiasa wengine waliyakwepa.

Sasa chukua daftari, gawa ukurasa kwa mstari: kushoto bungeni, kulia mahakamani. Huyu alikuwa seneta na wakili kwa wakati mmoja. Kushoto andika 1971: alipeleka muswada wa kuruhusu uzazi wa mpango, baraza likakataa hata kuusoma mara ya kwanza, naye akamiminiwa barua za matusi. Kulia andika kesi ya de Búrca ya miaka ya 1970, iliyowafungulia wanawake nafasi ya kuwa wazee wa baraza mahakamani, na ya David Norris, seneta mwenzake wa Trinity, aliyeshinda kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg mwaka 1988 dhidi ya sheria ya 1861 iliyoadhibu mapenzi ya jinsia moja. Sheria hiyo ilibadilishwa 1993.

Katika safu ya kulia chagua kesi moja uipe dakika nne nzima. Mimi nachagua ya Josie Airey, mama wa watoto wanne kutoka Cork. Mumewe alishatiwa hatiani kwa kumpiga, naye akataka mahakama iwatenganishe kisheria. Mshahara wake wa wiki haukufika pauni 40, ilhali shauri la namna hiyo, hata mume asipopinga, liligharimu pauni 500 hadi 700. Serikali ikajitetea kwamba mlango uko wazi, aingie mwenyewe bila wakili. Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa hoja hiyo: haki lazima iweze kutumika kweli. Soma tarakimu hizo taratibu hewani, usiweke muziki chini yake. Mama yeyote aliyewahi kukosa pesa ya wakili ataelewa papo hapo.

Usifute alikoshindwa. Aligombea ubunge kwa tiketi ya chama cha Labour mwaka 1977 na 1981, akaanguka mara zote mbili. Mwaka 1985 alijitoa chamani kwa sababu mkataba wa Uingereza na Ireland ulitiwa saini bila kuwashirikisha wanaounga mkono muungano na Uingereza kule Ireland ya Kaskazini. Mtu anayeacha chama kwa ajili ya watu wasiompigia kura anastahili sentensi zake mbili.

Urais na kazi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa (1997–2002) vipe dakika moja na nusu.

Dakika tatu za mwisho zilete kwetu. Kuanzia 2013 hadi 2014 alikuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa katika Maziwa Makuu, akisimamia mkataba wa Addis Ababa wa kuleta amani mashariki mwa Kongo, uliotiwa saini na nchi 11, Tanzania ikiwemo. Usimkuze: alikaa mwaka mmoja na ushei, na vita vya Kivu vimerudi. Tafuta msikilizaji aliyekimbia kutoka huko aseme mkataba ule ulimfikiaje, au haukumfikia. Omba ridhaa yake kabla ya kuwasha kinasa sauti, na usitaje jina lake wala kambi anakoishi.