Kabla Kikosi Hakijapanda Ndege: Utamaduni Ufundishwe Uwanjani

Askari aliyekaa darasani siku tatu akionyeshwa picha za mavazi na namna ya kusalimia bado hajawa tayari kwenda kazini nchi ya kigeni. Kichwa kinajua, mwili haujazoea. Kila somo la utamaduni lifuatwe na zoezi lake la kuigiza, ikiwezekana siku hiyo hiyo.

Anzeni na kizuizi cha barabarani, kwa sababu hapo raia hupoteza maisha kwa kutoelewana tu. Ngumi iliyoinuliwa ni ishara ya "simama" kwa askari wengi. Kwa dereva wa kawaida si amri, na kiganja kilichonyooshwa anaweza kudhani ni salamu. Wekeni kibao cha lugha ya wenyeji mbali kabisa na askari, halafu vizingiti vya kupunguza mwendo, ndipo askari mwenyewe. Rudieni zoezi usiku, na gari moja lije kasi kwa kuwa breki zake ni mbovu. Askari lazima azoee kwamba si kila anayechelewa kusimama ni adui. Wawepo pia askari wa kike wa kupekua wanawake.

Mkalimani anahitaji mazoezi kama bunduki inavyohitaji kulengeshwa. Apewe dakika kumi kabla ya kikao ajue mada na maneno magumu. Kamanda avue miwani myeusi, amtazame mzee wa kijiji badala ya mkalimani, aseme sentensi moja au mbili kisha anyamaze. Aulize "Mmeona nini?", asiseme "Waulize wameona nini."

Kosa linaloumiza zaidi ni ahadi. Mzee anaomba kisima, kamanda kijana anajibu "tutaona", na mzee anaondoka akiamini amekubaliwa. Mzoezeni kusema: "Mzee, hilo si mamlaka yangu. Nitalifikisha kwa mkuu wangu, na Alhamisi nitarudi na jibu." Kisha Alhamisi arudi kweli, hata kama jibu ni hapana.

Waigizaji wawe watu waliokulia nchi husika, si askari wenzao waliovalishwa kanzu. Kule Fort Irwin, California, Jeshi la Marekani lilijenga vijiji vya mazoezi na kuajiri wasemaji wa Kiarabu kwa ajili ya vikosi vilivyokwenda Iraki. Wapeni waigizaji ruhusa ya kukumbuka: mzee aliyedharauliwa siku ya kwanza aifiche habari ya bomu siku ya tatu.

Kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, somo la waraka wa Katibu Mkuu wa 2003 lisipunguzwe. Unakataza kununua ngono, na kufanya ngono na aliye chini ya miaka 18, sheria ya nchi iseme lolote.

Baada ya kila zoezi, kaeni papo hapo: tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini, tubadili nini? Wa cheo cha chini aanze kusema, maana mkuu akitangulia wengine hunyamaza. Kisha rudieni zoezi lile lile kabla ya jua kuzama.